Madebe Ishirini na Moja ya Tekla

Ilomba, Mbeya
3 Juni 1956

Kaka Edmund,

Kamwene, kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika salama, ingawa basi lilikaa Chimala siku nzima likingoja tairi na mimi nikakaa nalo. Nimemkuta mwanangu Lusia ana uso mzuri ila miguu imevimba, na hospitali wamemkataza kuinua hata ndoo mpaka ajifungue. Kwa hiyo ndoo zote ni zangu. Mkwe wangu Asukile ni mtu wa adabu mno, hunisalimu akiwa nyuma ya mlango kama desturi ya kwao Rungwe, nami naujibu mlango. Tumeshazoeana, mimi na mlango. Msalimu wifi yangu Yudith, mwambie mchele wa Ubaruku nitamletea nikirudi, labda Desemba, mtoto akishapata nguvu.

Sasa neno langu. Nilikuambia siku ya kuondoka lakini ulikuwa unatafuta kofia yako, kwa hiyo naliandika.

Madebe yangu ni ishirini na moja, na nyanya zilizomo ni aina kumi na nne. Usicheke. Wewe unaziita zote nyanya, lakini kila aina nimeipa jina na nimeliandika ubavuni mwa debe kwa rangi nyeupe: Ya Mama, Ya Sista, Ya Mgiriki, Moyo wa Ng'ombe, Njano, Ndefu ya Mchuzi, na nyingine utazisoma mwenyewe. Juni hii na Julai baridi itakuwa kali. Yasogezwe kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi. Maji yamwagwe chini kwenye udongo, majani yasiguswe.

Kubwa kuliko yote ni hili. Katika kila aina, tunda la kwanza zuri lifungwe uzi mwekundu, lisiliwe hata Askofu akija. Liachwe mpaka lilegee, ndipo mbegu zikamuliwe kwenye maji, zikae siku tatu, zioshwe, zikauke kivulini juu ya sahani, kila aina na kitambaa chake chenye jina. Akiba yangu ya mbegu panya waliimaliza mwezi wa pili, unakumbuka nilivyolia. Zilizobaki nimezipanda zote, isipokuwa punje chache za aina mbili nilizokuja nazo kumwonyesha Lusia. Mbegu zisipokusanywa mwaka huu, kaka, nyanya zangu zimekwisha. Miaka tisa nimezitafuta moja moja, tangu mume wangu alipokuwa hai.

Ni mimi mdogo wako,
Tekla


Iringa
1 Julai 1956

Mdogo wangu mpenzi Tekla,

Milele na milele, amina. Barua yako ilitufikia tukiwa tunavuna, tukaisoma shambani, Yudith akacheka sana kuhusu mlango. Sisi wazima. Yudith anakohoa kidogo kwa sababu ya upepo. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Fundi Marcelino anakusalimu, anauliza kama Mbeya kuna baridi kuliko hapa, nikamwambia kila mtu husema kwake ndiko kwenye baridi.

Madebe yako hayajambo. Yudith huyamwagilia kila asubuhi, na mimi mwenyewe juzi nilisogeza manne ukutani, mgongo ukaniambia kitu. Maua ni mengi. Uzi mwekundu upo.

Hapa tuna habari kubwa. Padre Ambrosi ametangaza kwamba Baba Askofu atakuja kutoa Kipaimara mwanzoni mwa Septemba, na safari hii hatakwenda misioni tu, atafika hapa hapa kigangoni kwetu. Haijawahi kutokea. Mimi kama katekista usingizi umepungua, maana upepo wa mwezi uliopita uling'oa nyasi zote juu ya altare, na Padre amesema wazi kwamba Askofu hatasoma Misa chini ya anga. Mabati hatuna. Wakristo wanatoa madebe matupu, Marcelino anayapasua na kuyanyoosha, tunaezeka. Yaliyopatikana yanatosha upande mmoja. Upande wa altare bado uko wazi.

Nikuulize swali la bure tu. Nyanya zikishakua hivi, haziwezi kuhamishiwa ardhini? Pale nyuma ya jiko pana nafasi.

Ndimi kaka yako katika Kristo,
Edmund


Ilomba, Mbeya
22 Julai 1956

Kaka Edmund,

Salamu ziwafikie nyote, na furaha juu yake. Lusia amejifungua tarehe kumi na tano, mtoto wa kike, mweupe kama uji, na Asukile kwa adabu yake yote akakubali aitwe Matilda, jina la marehemu mama yetu. Nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya nyumba. Yudith apone kikohozi, ale asali.

Swali lako la bure nimelisoma mara mbili. Jibu ni hapana. Pale nyuma ya jiko pana mnyauko, kaka, unapajua. Mama alipanda pale na kila mwaka mimea ililala chini ikiwa na maua. Ndiyo maana nilianza na madebe. Na pia, niseme tu, tangu nifiwe na mume wangu nikarudi kwenye kiwanja cha baba, ambacho sasa ni chako, sikutaka kumwomba mtu kipande cha ardhi. Debe nikiliweka linakaa, nikiliondoa linaondoka. Hakuna anayenuna.

Kuhusu paa la Mungu, sikukatazi kutafuta. Yule Mgiriki wa shamba la tumbaku ana rundo la madebe matupu nyuma ya ghala lake, nimeyaona kwa macho yangu siku aliyonipa mbegu. Ni mtu wa kelele lakini moyo wake mzuri. Mwendee, mwombe, hatakunyima.

Nijibu kuhusu nyuzi. Ngapi zimefungwa?

Mdogo wako,
Tekla


Iringa
16 Septemba 1956

Mdogo wangu mpenzi Tekla,

Salamu nyingi kutoka kwetu, na pongezi kwa ajili ya Matilda mdogo. Tuliposoma jina nilimwona mama amesimama mlangoni. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi za Kipaimara zilinimeza mzima.

Tekla, laiti ungekuwepo! Askofu alifika tarehe mbili saa tatu asubuhi, gari lake limejaa vumbi, na watoto themanini na wawili walipakwa mafuta. Watu walikuja hadi kutoka Kilolo. Paa lilikuwa tayari, jua likapiga juu yake likawaka, Askofu akainua macho akasema mbele ya wote kwamba kigango hiki kimeonyesha mfano. Padre Ambrosi alinishika bega. Katika miaka kumi na miwili ya ukatekista sijashikwa bega.

Baadaye tulikula. Mbuzi wawili, wali, mchuzi mzuri sana, Askofu aliomba aongezwe. Watu walisema mchuzi wa namna ile hawajawahi kuuonja.

Yudith anaendelea, ingawa siku hizi hasemi sana. Nyanya zilizaa vizuri.

Ndimi kaka yako,
Edmund


Ilomba, Mbeya
7 Oktoba 1956

Kaka Edmund,

Salamu kwenu. Matilda amenenepa, ana mashavu mpaka macho yanatafutwa. Lusia ameanza kuinua ndoo zake mwenyewe na mimi nimerudi kuwa bibi. Zile aina mbili nilizokuja nazo nimezipanda kwenye sufuria mbovu barazani, zimeota, Asukile huzipita kwa heshima kana kwamba nazo ni wakwe.

Nimefurahi kwamba Askofu alifika na kwamba ulishikwa bega. Ulistahili.

Bartholomeo, yule dereva wa lori, alipita hapa wiki iliyopita akileta magunia Mwanjelwa. Alisali kwenu Jumapili moja. Ameniambia paa linang'aa.

Umeandika kwamba nyanya zilizaa vizuri. Hukuandika zimezaa ngapi, wala mbegu zimekauka au bado. Sasa nakuuliza kwa utaratibu ili ujibu kwa utaratibu. Nyuzi nyekundu zilifungwa? Mbegu zilikamuliwa? Madebe yangu yako wapi? Ukinijibu haya matatu, hata barua iwe fupi namna gani nitaridhika.

Mdogo wako,
Tekla


Iringa
4 Novemba 1956

Mdogo wangu Tekla,

Salamu katika Bwana. Nimefurahi kusikia habari za mjukuu. Hapa mawingu yameanza kujikusanya, watu wanalima. Mwalimu Fanueli wa shule amehamishwa, tumemuaga kwa chai.

Unaniuliza kama karani wa mahakama, mdogo wangu. Kuhusu paa, kila Mkristo alitoa alichokuwa nacho, na majina yote yakasomwa siku ile, makubwa na madogo. Hiyo ndiyo furaha ya kanisa. Madebe yako tuliyasogeza, kama ulivyoagiza mwenyewe kuhusu baridi. Mambo ya mbegu ni ya wanawake, Yudith ndiye ajuaye, nitamwuliza akitulia.

Wewe lea mjukuu, haya mengine tutayazungumza ukifika. Kila kitu kina wakati wake wa kusemwa.

Ndimi kaka yako,
Edmund


Iringa
16 Desemba 1956

Mdogo wangu Tekla,

Salamu. Sijapata barua yako tangu Oktoba, natumaini ni posta tu. Tulikutazamia mwanzoni mwa mwezi huu. Yudith hutoka barabarani basi la Mbeya linapopita.

Mvua imeanza, na imeanza kwa nguvu. Jumapili iliyopita, Padre Ambrosi alipokuwa anainua kalisi, maji yalimdondokea kichwani, kisha juu ya kitabu, kisha kila mahali. Upande wa altare wote unavuja. Upande mwingine mkavu kabisa. Marcelino alipanda, akashuka akasema madebe ya upande ule yana matundu ya msumari. Watu wakanitazama.

Basi imenibidi niseme. Ni ya kwako, Tekla. Ilikuwa tarehe ishirini Agosti, siku zilikuwa zimebaki chache na altare iko wazi. Kwa Mgiriki sikwenda. Nilifika hadi kwenye geti lake nikarudi, kwa sababu sikupenda katekista aonekane ameshika kofia mkononi akiomba mbele ya wafanyakazi. Nikayamwaga madebe yako asubuhi ile. Yudith alihamishia mimea nyuma ya jiko, akaimwagilia wiki nzima, ikalala chini yote. Matunda yaliyokuwepo tulipikia wageni. Ndiyo, na yenye nyuzi. Wapishi walizivuta wakazitupa, hawakujua. Yudith siku ile hakula.

Lakini sikufanya kwa siri. Siku ya Kipaimara majina ya watoaji yaliposomwa, la kwako lilisomwa la kwanza: Tekla, mjane, madebe ishirini na moja. Watu walipiga vigelegele. Askofu alikuombea kwa jina. Mtu mwingine angefurahi.

Sasa nakuomba jambo moja la haraka, kwa sababu Noeli imekaribia. Uniandikie ulitoboa matundu mangapi kila debe na wapi, ili Marcelino ayazibe yote kwa lami bila kuacha hata moja. Yale ya ubavuni hatukuyatarajia. Ungetuambia mapema.

Ndimi kaka yako,
Edmund


Ilomba, Mbeya
6 Januari 1957

Kaka Edmund,

Salamu kwa Yudith. Mwambie nimesikia kwamba alimwagilia wiki nzima, na kwamba sitasahau.

Kila debe lina matundu sita. Manne chini, mawili ubavuni, kimo cha vidole viwili kutoka chini, ili maji yakizidi yapate pa kutokea. Umepata jibu lako. Uliponiuliza, nimekujibu. Ona jinsi ilivyo rahisi.

Sasa nisikilize. Mimi nilijua tangu Oktoba. Bartholomeo aliponiambia paa linang'aa hakuishia hapo. Alisema alipokuwa amepiga magoti aliinua macho, akaona juu ya altare, upande wa ndani wa bati, maandishi ya rangi nyeupe yaliyokaa kichwa chini: YA MAMA. Akaniuliza, hii maana yake nini, ni jina la Bikira Maria? Nikamwambia ndiyo. Nilikusitiri kwa dereva wa lori, kaka. Kisha nikakaa nikakuandikia maswali matatu nikijua majibu yote matatu, kwa sababu nilitaka uniambie wewe. Nilisema moyoni, akinijibu kweli nitalia siku mbili halafu nitapanda basi nirudi nyumbani. Ukaniandikia kwamba mliyasogeza.

Nimeumia. Sina neno jingine la kuzungushia. Aina kumi na mbili zimekufa. Ile Ya Mama, mama aliipata kwa shangazi yetu kabla hujazaliwa wewe, akaipanda kila mwaka wa maisha yake, na imeliwa katika mchuzi na mtu aliyeomba aongezwe. Simlaumu Askofu, hakujua alichokula. Wewe ulijua. Uliusoma uzi ule katika barua yangu kabla ya mtu yeyote kuufunga.

Nilikaa miaka sita katika kiwanja chako na udongo wangu kwenye madebe. Sikukuomba hata hatua moja ya ardhi. Nilidhani hukuniambia "Tekla, kipande hiki ni chako" kwa sababu ya kusahau tu, wanaume mna mengi. Kumbe uliyatazama hata madebe ukaona ni ya kwako. Kwa Mgiriki uliona haya. Kwangu hukuona haya, kwa sababu mimi si mtu wa kuombwa.

Na jina langu. Hapo ndipo uliponimaliza. Ungeiba tu, ningesema kaka yangu kaiba, ni mtu, ataungama. Lakini ulichukua kitu changu, ukakitoa kwa mkono wangu nisipokuwepo, watu wakanipigia vigelegele nikiwa Mbeya nahesabu siku za nyanya kulegea. Nikirudi leo kila mama atanishika mkono anishukuru, na mimi nitatakiwa nitabasamu maisha yangu yote.

Sitaki madebe. Sitaki mbegu, huna. Nataka kitu kimoja ambacho hakihitaji hata kupanda ngazi. Jumapili moja, kabla ya Misa, usimame pale pale yaliposomwa majina, useme: madebe yale Tekla hakuyatoa, mimi niliyachukua. Usiongeze mahubiri. Ukishasema, niandikie, nami nitafunga mzigo wangu siku hiyo hiyo nirudi, na habari hii hutaisikia tena kinywani mwangu. Kabla hujasema usiniandikie.

Tekla


Iringa
17 Machi 1957

Mdogo wangu mpenzi Tekla,

Salamu nyingi, nyingi sana, za Kwaresima. Sisi wote wazima kwa neema ya Mungu. Mvua ya mwaka huu ni ya baraka, mahindi yamepita kichwa cha mtu. Ng'ombe mwekundu ana mimba tena. Marcelino amemwoza binti yake kwa watu wa Ifunda, harusi ilikuwa nzuri. Yudith anaendelea vizuri, ingawa amehamishia kitanda chake chumba chako akisema kikohozi chake kinanisumbua.

Utafurahi kusikia kwamba shida ya altare imekwisha. Padre Ambrosi mwenyewe alikwenda kwa Mgiriki, akamweleza, na yule bwana bila hata maneno mawili akatoa mabati mapya ya dukani. Sasa hata mvua ya mawe ije. Yale ya zamani sikuyaacha yatupwe, nimeyachukua nimeezekea banda la kuku hapa nyumbani. Kwa kuku yanafaa sana, wao hawajali kudondokewa.

Pia Padre amenikabidhi kigango cha pili, cha ng'ambo ya mto. Amesema ananiamini. Ni mwendo mrefu lakini nitafanyaje, mtu ukiitwa unaitika.

Pasaka imekaribia. Njoo basi, mdogo wangu. Wanawake wa kigango huniuliza kila Jumapili, Tekla wetu atarudi lini? Wanataka kukupokea kwa nyimbo. Chuki si kitu cha kukaa nacho katika siku hizi takatifu, na mimi kwa upande wangu sina neno lolote juu yako.

Mbusu Matilda.

Ndimi kaka yako akupendaye,
Edmund


Ilomba, Mbeya
31 Machi 1957

Edmund,

Nimepokea barua yako ya tarehe kumi na saba. Nimeisoma mara mbili nikitafuta sentensi moja, halafu nikageuza karatasi nikatafuta na nyuma. Haimo.

Chumba kile mwachie Yudith.

Tekla